Karatasi ya Oktoba

Siku ya kuniaga, mlipomaliza keki na hotuba, kijana mmoja wenu aliniuliza tulijuaje, kabla ya kompyuta, nani atatupigia kura. Nikamjibu kwamba tulimuuliza. Mkacheka wote, nami nikacheka, kisha nikaenda nyumbani na jibu refu zaidi ambalo sikulitoa. Ndilo hili. Sitawachosha na vyeo wala mshahara. Vyeo vilikuja kwa sababu waliokuwa mbele yangu walikufa au walihamia kando ya bahari kulea magoti yao, na mshahara wa chama mnaujua wenyewe. Nataka kuandika juu ya miaka yangu ya mwanzo pale Sparkbrook, na juu ya mama mmoja ninayemkumbuka kuliko madiwani wote niliowatumikia.

Sikuja Birmingham kufanya siasa. Nilikuja kusomea uuguzi katika hospitali kubwa upande wa Harborne, nikitoka Kisumu na sanduku moja na koti ambalo fundi alinishonea kwa kukisia tu baridi ya Ulaya. Alikisia vibaya. Nilidumu mwaka mmoja na nusu. Damu haikunishinda, aliyenishinda ni matroni. Nilipoacha, nikaona tangazo kwenye dirisha la duka, Stratford Road: ofisi ya chama inatafuta mpiga chapa anayeelewana na watu. Hawakusema watu gani.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu. Wakala wa chama, yaani mtu aliyeajiriwa kuhakikisha kwamba tunashinda, alikuwa Bwana Tolley, mzee mwembamba aliyetumia ujana wake katika kiwanda cha chuma na kupoteza ncha ya kidole huko. Aliniita "bab", yaani mtoto, kama watu wa hapa wanavyomwita kila mtu, na siku ya kwanza nilidhani amesahau jina langu. Hakunionyesha taipureta. Alinipa penseli mbili na mwiko wa mbao, akavaa kofia, akasema twende.

Penseli, kwa sababu kalamu haiandiki juu ya kadi iliyolowa, na hapa kadi hulowa. Mwiko ulikuwa wa kusukumia vipeperushi kwenye tundu la barua, maana nyuma ya tundu kuna mbwa, na mbwa hajali chama. Ninyi mnaotumia vidole vyenu bado ni wachanga. "Bisha mlango, kisha rudi nyuma hatua mbili," Bwana Tolley aliniambia. "Waache wakutazame kupitia pazia. Mtu akishauona uso wako, ameshafungua nusu." Geti lifungwe kama lilivyokutwa. Kizingiti kilichosuguliwa asubuhi hiyo kisikanyagwe hata kwa dawa. Na usibishane, kwa sababu anayebishana nawe ni wa upande wa pili, anakupotezea nyumba kumi. Kila nyumba ilikuwa na kadi yake, na kila jina lilipata alama: mstari kwa wetu, msalaba kwa wao, duara kwa wanaoyumba. Jioni nilirudi na vidole vimekufa ganzi, nikiwa na duara kumi na saba na mstari mmoja, wa mzee aliyekuwa kiziwi.

Niwaeleze pia jinsi chama kilivyoushika mtaa, maana mmoja wenu ameandika mahali kwamba tulihonga wahamiaji. Hatukumhonga mtu. Tulichofanya kilikuwa na adabu zaidi, na ndiyo sababu kilikuwa kigumu kukataa. Kila jumuiya ilikuwa na mtu wake mmoja. Waayalandi walikuwa na mwenye baa, Wapakistani walikuwa na muuza nyama, Wahindi waliotoka Kenya walikuwa na fundi cherehani wa Ladypool Road. Choo cha uani kikiganda, au taa ya mtaa ikifa, mtu huyo alimwambia Diwani wetu, Diwani akapiga simu, fundi akaja. Harusini Diwani alikula pilau akapigwa picha katikati ya bwana harusi na baba mkwe. Na mwezi wa Mei, siku ya kura, watu waliikumbuka ile simu. Hayo yalikuwa mambo ya wanaume na wanaume wenzao, sebuleni. Wanawake walikuwa jikoni, nao walikuwa na nusu nzima ya kura za mtaa, na hakuna aliyejua wanafikiri nini. Hapo ndipo Bwana Tolley alipogundua kwamba mimi naweza kupita sebule nikaingia jikoni.

Mama Zarina nilimpata katika mwaka wangu wa pili, kwenye moja ya mitaa inayotoka Ladypool Road, nyumba zimebanana kama meno. Nilibisha, nikarudi hatua mbili. Akafungua mama wa Kihindi wa makamo, shali juu ya sweta na sweta nyingine chini yake. Nikaanza Kiingereza changu cha chama. Hakukisikiliza. Alikuwa akinitazama uso.

"Wewe natoka wapi?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

"Kenya, Mama. Kisumu."

"Kisumu wapi?"

"Nyumba za reli. Baba yangu alikuwa fundi wa reli."

Akaweka mkono mdomoni. "Mimi iko duka ya vitambaa kule, karibu na soko. Ingia. Ingia, mtoto, wewe nasimama nje nafanya nini?"

Duka lile nililijua. Mama yangu alinunua leso pale, na mimi nilisimama kando yake nikiwa na kimo cha kaunta. Niseme ukweli: katika Kisumu ya wakati ule, Mhindi mwenye duka hakumwambia mama yangu aketi, na Kiswahili alichomsemesha kilikuwa cha kuamuru. Nilipoingia jikoni kwake nilikuwa na hilo kifuani, nikalinywea chai kimya. Yeye ndiye aliyelitaja, wiki kadhaa baadaye, akiwa ananipa mgongo na kukoroga sufuria. "Kule mimi hapana pa mama yako kiti," alisema. "Mimi nakumbuka hii sana." Hakugeuka. Nikamwambia nimesikia, akaniongezea maziwa kwenye kikombe, na hatukulirudia tena.

Tangu hapo kila Alhamisi ilikuwa yake. Nilipitia nyumba zote za mtaa ule kwanza ili nibaki na yeye mwisho. Alikuwa mjane, na wana wake wawili wakubwa walikuwa kiwandani. Zarina, binti yake, alikuwa bado shuleni, akitusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza. Tulimenya viazi tukisema Kisumu: joto la saa saba mchana, harufu ya samaki ngege anayekaangwa, treni ikiingia na watu wote wakijua saa bila kutazama saa. Katika mji huu mzima hapakuwa na mtu mwingine ambaye ningemtajia kona ya barabara naye akajua kuna nini kwenye hiyo kona. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na mama yangu alikuwa mbali, na nilimpenda mama yule. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu.

Kupitia jiko lake niliujua mtaa. Alijua nani ana mtoto mgonjwa, nani anaogopa kufungua barua, nani paa lake linavuja. Niliyabeba hayo hadi ofisini, Diwani akapiga simu zake, na kadi zangu zikajaa mistari. Bwana Tolley alizishika kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Sikuona ubaya, na hata leo sehemu kubwa ya kazi ile siioni ubaya. Mapaa yalizibwa.

Kisha ukaja mwaka ule Wahindi walipofukuzwa Uganda. Mdogo wake Mama Zarina alikuwa ameolewa Kampala. Walifika mwezi wa Septemba, watu wazima sita: yeye, mumewe, mama mkwe, na wana watatu waliokwisha kuota ndevu. Walikuja na masanduku matatu. Nyumba ya vyumba vitatu ikawa na magodoro hadi chini ya ngazi, na Mama Zarina aling'aa kama mtu aliyepata wageni wa sikukuu. Aliniambia tangu aje Uingereza hajalala vizuri namna ile, na mtu mmoja alikuwa akikoroma mlangoni pake.

Oktoba ndio mwezi wa karatasi. Mnajua hili, ila kwenu ni la kubofya. Mji ulituma karatasi kila nyumba: waandikwe wote waliofikia umri wa kupiga kura wanaoishi humo. Asiyeandikwa Oktoba hakuwa na kura Mei. Kazi yetu ilikuwa kupita na kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Na wahamiaji walijiacha wenyewe, kwa makusudi, kwa sababu kulikuwa na sheria ya nyumba zilizosongamana, na wakaguzi waliokuja kuhesabu vitanda. Nyumba ya watu kumi iliandika wawili. Bwana Tolley alikuwa amenifundisha hili pia: Februari orodha nzima inawekwa wazi maktaba na posta, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, na yeyote anaweza kuisoma. "Wakikuuliza nani ataisoma, waambie ukweli," alisema. "Wasipouliza, una milango mingine ya kubisha."

Mama Zarina aliuliza. Alikuwa ameiweka karatasi mezani, kati ya viazi, na kalamu juu yake.

"Hii nani tasoma?"

"Ni ya kura tu, Mama."

"Mimi najua ya kura. Nauliza nani tasoma. Kama watu ya kuhesabu kitanda naona majina tisa, iko taabu kwa dada yangu."

Majina tisa. Wa kwake watatu na wa mdogo wake sita. Uchaguzi wa Mei tuliutazamia kuwa mgumu, na mtaa ule ungeweza kuamuliwa na kura za nyumba moja. Nilikuwa nimeahidi ofisini kwamba nitaleta kila jina. Ningeweza kumwambia orodha inatundikwa maktaba, mkaguzi naye ana kadi ya maktaba kama mtu mwingine. Ningemwambia aamue mwenyewe. Badala yake nilisema, "Tutaisoma sisi, Mama. Ni sisi tu."

Ile "sisi" ilimtosha. Akachukua kalamu akaandika majina yote tisa, polepole, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyeandika risiti maisha yake yote.

Mkaguzi alikuja Machi. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akapanda ngazi, akahesabu magodoro, akateremka, na baada ya siku chache ikaja barua: watu sita waondoke ndani ya wiki nne. Mimi sikuambiwa. Alhamisi mbili nilibisha mlango haukufunguliwa, nikadhani wamekwenda kutembelea ndugu. Nilijua habari yenyewe siku ya Jumamosi, kwenye kikao cha Diwani cha kusikiliza shida za watu, kilichofanyika katika chumba chetu cha mbele. Benchi lilikuwa limejaa, na mwisho wa benchi alikuwa ameketi Mama Zarina, na koti lake jema, na barua kwenye mkoba. Alikuwa hajawahi kuketi pale. Mambo yake yote yalikuwa yakipitia kwangu.

Zamu yake ilipofika, nilisimama kando ya meza kutafsiri, kama nilivyofanya kwa wengine. Diwani akasoma barua akauliza ilikuwaje. Mama Zarina hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mwambie," alisema. "Mwambie mimi liuliza karatasi hii nani tasoma, na wewe lijibu sisi tu. Mwambie yote, kama hivyo hivyo."

Bwana Tolley alikuwa mlangoni na kikombe chake. Benchi zima lilikuwa likisikiliza. Nikamgeukia Diwani nikasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anaomba msaada kwa ajili ya mdogo wake, kwamba wametoka Uganda na hawana pa kwenda.

Hapo tu, maneno yakiwa yameshatoka, ndipo nilipokumbuka wateja wake wa Kisumu walikuwa nani. Wake za Wazungu wa serikali na wa mashamba walikuja kwake kila wiki kununua vitambaa vya mapazia. Alikuwa ameuza kwa Kiingereza miaka ishirini. Pale kwenye benchi hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Alinipa nafasi ya kukiri, nami niliipokea nikaitupa mbele yake, na uso wake haukubadilika hata kidogo. "Thank you, sir," alimwambia Diwani. "That is what I wanted."

Diwani alipiga simu. Watu waliozaliwa hapa walikuwa wakingoja miaka kupata nyumba ya halmashauri, lakini simu ile ilipata fleti ndani ya wiki tatu, ghorofa ya kumi na moja, ukingoni mwa mji, mabasi mawili kutoka Sparkbrook. Lifti ilifanya kazi siku za kupishana. Mama mkwe wa watu, aliyekuwa na magoti mabovu, hakuteremka tena mpaka alipoteremshwa. Sisi ofisini tulifurahi. Nilichapa mwenyewe kipeperushi juu ya familia moja ya mtaa wetu ambayo Diwani aliisaidia kupata makazi, nikakizungusha kwenye mashine ya saiklostaili nakala baada ya nakala, wino ukanijaa hadi viwikoni. Bwana Tolley alichukua kadi ya nyumba ile akakoleza mistari yote tisa. "Hawa hawatusahau," alisema.

Nilikwenda kwake Alhamisi iliyofuata. Alifungua. Hakunifukuza, na ingekuwa nafuu angenifukuza. Alisema kwa Kiingereza, "Yes, miss? How can I help you?" Nikaanza, kwa Kiswahili, kwamba nimekuja kuomba radhi. Akaniambia, kwa Kiingereza safi kuliko changu, kwamba sina haja, kila mtu ameshukuru sana, Diwani ni mtu mwema. Nyuma yake nilimwona Zarina ukumbini ametutazama sisi wawili, hajui aweke macho wapi. Kisha mlango ukafungwa taratibu. Mara nyingine zote nilizobisha ilikuwa hivyo hivyo, adabu na Kiingereza, na sikupita tena kizingiti.

Mei ikafika. Mnajua utaratibu, ingawa ninyi mmeurahisisha. Mlangoni pa kituo cha kupigia kura, kila chama kinaweka mtu wa kuwauliza wapiga kura namba zao za orodha. Namba zinapelekwa nyumba ya jirani, zinafutwa kwenye karatasi zilizobandikwa mezani, na saa za jioni tunajua nani wetu hajaja, tunakwenda kumgongea. Mimi niliwekwa mlangoni pa shule, kwenye kiti cha watoto, na kando yangu mtu wa chama cha pili, bibi mmoja wa Sutton Coldfield aliyekuja na blanketi na chupa ya supu, akanigawia nusu. Familia ya ghorofani ilikuwa imehama, lakini orodha ya Februari iliwahesabu bado wa Sparkbrook kwa mwaka mzima. Bwana Tolley alikuwa ameshalifikiria hilo, akatuma gari kuwachukua. Gari likarudi tupu, dereva akasema wamekataa, watakuja wenyewe.

Walikuja saa kumi jioni, wote isipokuwa mama mkwe, kwa mabasi mawili, mvua ikiwa juu yao. Mama Zarina alikwenda kuwapokea kituoni, akawaongoza kwa miguu. Aliposogea mlangoni, nilisimama. Kazi yangu ilikuwa kusema maneno manne, namba yako tafadhali mama, na kuandika.

"Must I tell you?" aliuliza.

Watu walikuwa nyuma yake kwenye mstari. Bwana Tolley alikuwa amekuja kuchukua karatasi ya namba, amesimama hatua chache. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti.

"Hapana, Mama. Si lazima kumwambia mtu. Ukinipa namba, naiandika hapa, inapelekwa nyumba ile yenye bango, wanalifuta jina lako ili wajue umekuja. Kura yako hakuna atakayeiona. Lakini ile karatasi ya Oktoba inasomwa na kila mtu. Inatundikwa maktaba. Nilijua, nawe uliniuliza, nikakudanganya kwa sababu niliyataka yale majina. Na kwa Diwani sikusema ulichoniambia niseme. Niliona haya."

Bwana Tolley hakujua Kiswahili, lakini alijua sura ya mtu anayekiri, akaitazama saa yake. Bibi wa Sutton Coldfield alijifanya anatafuta kifuniko cha chupa. Mama Zarina alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapita na watu wake, hawakutoa namba hata mmoja, si kwangu wala kwa bibi.

Nilikaa. Niliandika namba za watu waliofuata, na nyingine niliziandika vibaya. Walipotoka, mdogo wake na wengine walitangulia kwenda kituo cha basi. Yeye alisimama mbele ya kiti changu akifunga vifungo vya koti, vyote, mpaka cha shingoni.

"Sasa wewe nasema," aliniambia. "Sasa."

Akaenda kuwashika mkono wenzake wavuke barabara. Tulishinda, kwa kura chache, na sikujua kamwe kama zao zilikuwamo. Kabla ya Krismasi aliuza nyumba akahamia karibu na mdogo wake. Tangu siku ile, kila mlango nilioubisha nilianza kwa kusema nani atasoma kile ninachoandika, na nilikosa majina mengi, na Bwana Tolley, Mungu amrehemu, hakunisamehe kabisa. Nilipata Kiswahili kingine mjini hapa baadaye, cha Watanzania, cha Wakongo, cha wauguzi vijana wa Kenya wanaochanganya kila kitu, nakipenda chote. Lakini lile ndilo neno la mwisho aliloniambia kwa Kiswahili, na kwa miaka hii yote nimetamani angeongeza jingine, hata kama lingekuwa la kunitukana.